Niliomba glasi ukweni, sasa naitwa Madam Glasi

Shikamoo shangazi,

Pole na kazi ya kusoma matatizo ya watu. Jina langu naomba usiliweke kabisa, wifi zangu wote wanakusoma na wakijua ni mimi litakuwa balaa lingine.

Nina miaka 29, naishi Tabata, nafanya kazi duka la dawa. Nina mchumba, tuko mwaka wa tatu sasa, kwao ni Marangu. Mi wazazi wangu ni watu wa Tabora ila nimezaliwa na kukulia hapa hapa Dar. Barua ya posa imeshaenda na imejibiwa, mahari ndo bado hawajamalizana, ila mama yake alishaanza kuniita mkwe toka siku ya kwanza.

Pasaka iliyopita tukaenda kwao wazee wanione. Shangazi nilipokelewa vizuri sana, siwezi kudanganya. Mtori, nyama ya kuchoma, machalari, watu wamejaa kwenye migomba nje pale, watoto wananishika nywele. Ikaja mbege kwenye ndoo, mzee mmoja akaonja kwanza afu kata ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu nikainywa vizuri tu na ule ulezi wake juu, mama mkwe akapiga kigelegele, nikajua hapa nimeshapasua.

Baadae zikaletwa bia, kreti mbili, moja ya baridi moja ya moto kwa wazee. Wifi mdogo ndo alikuwa anapita na opena, anakuuliza unatumia nini anakufungulia pale pale mbele yako. Mi nikasema Kilimanjaro ya baridi. Akafungua, akanipa, nikamwambia "samahani wifi, naomba glasi". Hivo tu shangazi, na samahani nimetanguliza. Akaniangalia, akasema "glasi?" kwa sauti, watu wote wakageuka. Babu yao alikuwa ameshasimama anataka kuongea maneno ya kunikaribisha. Wifi akaingia ndani, kumbe glasi ziko kwenye kabati la sebuleni na funguo anayo mama, mama akainuka kutafuta funguo, glasi zina vumbi zikapelekwa bombani kuoshwa, yani ilichukua muda mpaka nikatamani nikimbie. Ikaja glasi moja yenye maua ya dhahabu, nikamimina, mikono inatetemeka, povu likafurika likamwagika kwenye kitambaa cha meza, kuna shemeji akasema "mjini wanakunywa povu" watu wakacheka. Nikacheka na mimi.

Nilidhani yameishia pale. Tumerudi Dar siku mbili tatu nikaunganishwa kwenye grupu la WhatsApp la familia, nikafurahi, kumbe nakaribishwa na jina. Wifi mdogo kaweka picha ya ile glasi kaandika "karibu Madam Glasi". Vicheko mpaka basi. Na aliyeweka kicheko cha kwanza ni mchumba wangu, shangazi, nimekaa naye sebuleni anacheka kwenye simu sijui anacheka nini kumbe ananicheka mimi. Toka siku hiyo ndo jina langu, hata mtoto wa shule ya msingi ananiita Madam Glasi. Afu wifi mkubwa anayeishi Mbezi akanipigia akaniambia "mi nakwambia kama dada yako, mama hakupenda, kasema huyu binti anaona vyombo vyetu vichafu, atatusumbua mbele ya safari".

Nikamwambia mchumba, jibu lake: "kwani ungekunywa kwa chupa ungekufa?"

Sasa nikueleze kwa nini nakunywa kwa glasi, maana sio maringo. Nimekulia kwenye grosari ya mama yangu. Toka niko darasa la nne kazi yangu ilikuwa kupanga chupa tupu kwenye kreti. Chupa zinarudi na vichungi vya sigara, zinarudi na mende, zingine mtu kashajisaidia humo. Najua kiwandani zinaoshwa, najua. Ila hata zikija zimejaa zinakaa stoo, panya wanatembea juu yake, afu unazitia kwenye friji au kwenye pipa la barafu, kisoda kinapata kutu, ukifungua unaona ile duara ya rangi ya udongo kwenye mdomo wa chupa. Nikiiona ile mi mdomo wangu hauendi, basi. Na nikinywa kwa chupa gesi inanijaa naanza kucheua, ukweni pale ningeanza kucheua ingekuwaje?

Mwisho wa mwaka kuna kipaimara cha mtoto wa shemeji, ukoo mzima utakuwepo na ndo siku nitatambulishwa rasmi. Mchumba ameshaniambia "safari hii usinitie aibu". Nimewaza mengi: nibebe glasi yangu kwenye mkoba, au nisinywe bia kabisa niombe soda, au ninunue dazani mbili za glasi niwapelekee zawadi, au nijilazimishe kunywa kwa chupa kama wao. Rafiki yangu wa kazini anasema nisibadilike, mwanaume anayekucheka mbele ya dada zake hafai. Mi nampenda. Ila sijui, shangazi, kuomba glasi ni kosa kweli? Nifanyeje?

Mimi wa Glasi, Tabata

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka pale kwenye povu, nisamehe, nikairudia tena sikucheka. Maana ukiitoa glasi pembeni, kilichobaki ni binti anayejiandaa kuingia kwenye ukoo wa watu, siku ya kwanza kavishwa jina ambalo hakulichagua, na yule aliyempeleka huko ndo kawa wa kwanza kucheka. Hilo sio dogo, na asikwambie mtu eti unakuza mambo.

Nianze na swali lako la moja kwa moja, kama kuomba glasi ni kosa. Ukikaa baa yoyote hapa Dar ukamwambia mhudumu niletee na glasi, hata hageuki kukuangalia mara mbili, ataisuuza ataleta, yeye anachohesabu ni chupa tupu mezani za kupigia bili. Ukienda Lubumbashi kule Kongo ndo kabisa, mhudumu akikuwekea bia ya Simba au Primus, zile chupa kubwa, bila glasi, ataonekana kazi haijui, na pale mezani watu wanamiminiana. Wabelgiji wenyewe waliowatawala wale karibu kila bia ina glasi yake. Bujumbura utakuta mtu mzima na heshima zake anakunywa bia ya chupa kwa mrija na hakuna anayemshangaa. Na sisi wa umri wangu tuliokulia hapa mjini tunakumbuka, mwanamke akiinua chupa hadharani alikuwa anaitwa mhuni, glasi ndo ilikuwa adabu. Leo wewe unaitwa mwenye maringo kwa kitu kile kile ambacho mama yako mdogo angepigwa kibao kwa kutokukifanya. Kwahiyo sioni sheria yoyote hapa ya kukuhukumia, wala ya kuwahukumia wao.

Ila kuna sehemu mbili kwenye barua yako umezipita haraka na mi nimesimama hapo.

Ya kwanza ni babu. Umeandika "babu yao alikuwa ameshasimama anataka kuongea" afu ukaendelea na habari za funguo. Hebu rudi pale uangalie ukiwa umekaa kiti cha wao. Mzee kasimama, pengine na fimbo yake, bia zimeshafunguliwa, watu wanasubiri neno la kukukaribisha WEWE ndo wainue, halafu shughuli nzima inasimama, mama mwenye nyumba anainuka kutafuta funguo ya kabati, bomba linafunguliwa, glasi moja inaoshwa, mzee bado yuko wima. Ulikuwa huna namna ya kujua kwamba glasi ziko kabatini, na babu hukumwona kwa vile ulikuwa unaongea na wifi, hilo naliona. Lakini je una uhakika kilichowakwaza ni glasi? Au ni kusubiri? Mi sijui, sikuwepo, nauliza tu maana majibu yake ni tofauti kabisa. Kama ni kusubiri, hapo kinachotakiwa ni wewe kuomba mapema kabla visoda havijaanza kuruka, na pengine neno dogo kwa babu siku ukimwona, "babu siku ile nilikusimamisha, unisamehe". Wazee wa Kichagga ninaowajua mimi, neno kama hilo ukiwaambia huku umeinama kidogo, kesho yake anaanza kukutetea yeye.

Ya pili ni kata. Mwanangu, umenichekesha hapo. Umenieleza kutu, panya, mende, na yote ni kweli kabisa nitarudi huko, lakini mistari michache juu yake umeniambia mbege uliinywa kwenye kata iliyopita midomo ya watu sijui wangapi na ukapigiwa kigelegele. Sikusuti. Nadhani moyoni ulijua ile kata ni kukaribishwa, na mtu anapokaribishwa mdomo unaenda wenyewe. Ila wao wameona nini? Wameona binti kanywa kata ya pamoja bila shida, dakika chache baadae kapewa chupa yake peke yake, imefunguliwa mbele ya macho yake, haijaguswa na mdomo wa mtu, hapo ndo anataka chombo. Hawajui habari za grosari ya mama yako. Mtu asiyejua hizo habari atafikiri nini zaidi ya usista duu wa mjini? Umewahi kumweleza yeyote kati yao hii stori ya chupa? Mchumba wako mwenyewe anaijua, au anajua tu kwamba "mke wangu anapenda glasi"? Kwenye barua sijaiona sehemu uliyomwambia.

Sasa kuhusu huo uchafu. Uko sahihi zaidi kuliko wanavyofikiri wanaokucheka. Ndani ya chupa sina wasiwasi sana, kiwandani zinapita kwenye maji ya moto yenye kostiki soda, zinajazwa, zinafungwa, na bia nyingi zinapashwa moto zikiwa zimeshafungwa. Shida ni nje. Kisoda ni bati la chuma tu, Mmarekani William Painter ndo alikisajili mwaka 1892 na mpaka leo hakijabadilika sana, kikikaa kwenye maji ya barafu kutu lazima. Ndo maana mhudumu anayejua kazi anakuletea chupa na tishu, unafuta mdomo wa chupa pale unaiona rangi ya udongo imebaki kwenye tishu. Na gesi nayo ni kweli, ukimimina sehemu ya gesi inatoka na lile povu badala ya kwenda kutokea tumboni, na harufu ya bia unaipata, maana kwenye chupa pua haina kazi.

Lakini kwa vile wewe ni mtu wa usafi na unafanya kazi duka la dawa nikuulize, glasi ile yenye maua ilioshwa na nini? Ilikuwa na vumbi, ikapelekwa bombani, imesuuzwa haraka haraka huku watu wanasubiri, pengine ikafutwa na kanga ya mtu. Kwenye grosari ya mama mnaziosha wapi glasi, si kwenye beseni moja toka saa kumi jioni mpaka usiku? Unajua jibu. Sisemi glasi ni chafu kuliko chupa, nasema kama moyo wako ungekuwa unapima uchafu peke yake ungeshapata hofu na glasi pia. Kuna kitu kingine humo, nadhani ni yule mtoto wa darasa la nne aliyeshika chupa za walevi mpaka akaapa hataweka mdomo pale. Huyo mtoto mi namheshimu, na sitakwambia umlazimishe. Lakini ndo stori ya kuwaambia wakwe zako, haina maringo hata chembe, ni ya mtoto aliyekuwa anamsaidia mama yake kazi. Na Marangu watu wamelelewa kwa kazi, hiyo wataielewa haraka sana.

Nije kwa mama mkwe. Yeye mwenyewe kwa kinywa chake amekwambia nini? Kwenye barua yako alichokifanya mama ni kupiga kigelegele, kukuita mkwe, na kuinuka kutafuta funguo ya kabati ambalo linafungwa, kumaanisha zile glasi sio za kila mtu. Kakutolea glasi za wageni wakubwa. Mengine yote umeyasikia kwa wifi wa Mbezi. Inawezekana kabisa mama kasema hivo, wamama tunasema mengi tukiwa tunaosha vyombo shughuli ikiisha, na mengi tunayasahau kesho yake. Inawezekana pia kasema nusu na nusu nyingine imeongezewa njiani. Wifi anayeanza na "nakwambia kama dada yako" saa ingine ni dada kweli, saa ingine anataka aone uso wako utakuwaje. Kabla hujaamua mama hakupendi, mpigie simu ya kawaida tu, umuulize hali ya mguu au ng'ombe au chochote, usikilize sauti yake. Usimuulize habari ya glasi kwa simu, utamtaja aliyekwambia hata usipomtaja.

Kuna kitu kingine wasichokisema watu. Kule kwa wazee, ule mtindo wa mtu kuonja mbege kwanza mbele ya wageni haukuja hivi hivi, ni kukuhakikishia chombo hakina kitu kibaya. Na chupa kufunguliwa mbele yako ni heshima ile ile imehamia kwenye bia. Mgeni akikataa chombo alichopewa, mzee wa zamani hafikirii kutu, anafikiria "huyu hatuamini". Afu glasi yenyewe ina historia yake, bia ya kiwandani huku kwetu ilianza kama kinywaji cha Wazungu na klabu zao, na enzi hizo za ukoloni Mwafrika aliwekewa vikwazo vya kisheria kuinywa. Sijui babu alikuta kiasi gani cha hayo. Ila watu wa umri wake walikua wakimwona mwenye glasi ni bwana mkubwa. Nakueleza ili ujue ile "glasi?" ya wifi ina mizigo mingi ambayo hata yeye mwenyewe haijui.

Tuangalie sasa hizo njia zako.

Kubeba glasi yako kwenye mkoba, hapana haraka, hii fikiria mara tatu. Kwenye baa ungeonekana mtu wa vituko tu, ukweni kwa hayo niliyokwambia ya kuonja na kuaminiana itasomeka kwamba umekuja na chombo chako kwa sababu vyao unaviogopa. Hapo hata mchumba wako atashindwa kukutetea.

Soda inaonekana rahisi. Ila walishakuona ukinywa bia, ukikataa sasa watajua umenuna, tena siku ya kutambulishwa mwanamke kukataa bia ghafla wataanza kukuangalia tumbo, nakwambia kabisa. Na hapa nina jambo linanishangaza miaka yote: soda nayo inatoka kwenye chupa ya kisoda, ina kutu ile ile, lakini ukiomba mrija wa soda nani anakucheka? Wanakuletea na mrija bila kuombwa! Kwenye bia ndo inakuwa maringo. Haya.

Dazani mbili za glasi, moyo wako ni mzuri. Wakati ndo naona una walakini. Ukizifikisha kipindi jina la Madam Glasi bado lina moto, watu wawili wataichukulia ni utani mzuri wa kujicheka mwenyewe, na watu watatu wataichukulia umewaambia nyumba yenu haina vyombo. Kama unaipenda hii njia pitia kwa mama peke yake, ukiwa umeshamsoma, pengine hata umuulize "mama kipaimara watu watakuwa wengi, vyombo vinatosha au tuje na vingine?" Akisema njooni navyo, hapo umeagizwa, na ukileta glasi na sahani na vijiko vikichanganyika hakuna atakayeiona glasi peke yake.

Kunywa kwa chupa siku moja kwa ajili ya amani, wengine wangekwambia ndo ukubwa. Inaweza kuwa. Una tishu, unafuta mdomo wa chupa vizuri mpaka tishu itoke nyeupe, unakunywa taratibu, hata bia moja shughuli nzima inatosha, gesi haitakusumbua kama unavyoogopa. Hatari yake ni kwamba ukweni unachokifanya siku ya kutambulishwa ndo utakachotegemewa miaka yote, na wewe unajijua kama utaweza au utakuwa kila Krismasi unakwenda Marangu na moyo mzito. Kama utaweza, fanya. Kama ni kujitesa, usianze.

Na kuna njia ambayo hukuiandika, ya kwenda jikoni mapema. Ukifika usikae kwenye kiti cha mgeni mpaka uletewe, ingia jikoni kwa wifi mdogo, huyo huyo aliyekupa jina, mwambie "wifi Madam Glasi wako nimekuja, nionyeshe zilipo nizioshe mwenyewe, kuna mwingine anatumia?" Utashangaa ni wangapi watanyoosha mikono. Kwenye shughuli kubwa kama kipaimara huwa kuna wageni wa kanisani, kuna wamama wa kwaya, kuna wazee meno yameshang'oka hawapendi ubaridi wa chupa, glasi zitatakiwa tu. Hatari yake nayo ipo, wifi anaweza kukujibu vibaya mbele ya wapishi, na itabidi umeze. Pia ukishakuwa mtu wa glasi kwenye shughuli jihadhari na wanaokuongezea, glasi haiishi na huhesabu, na kwenye watu wengi usiiache ukaenda kucheza, heri chupa unaziba na kidole gumba. Hilo nadhani kwa mama yako umeshaliona.

Kuhusu jina. Wachagga wana utani na nyie watu wa Tabora mna utani wenu, unajua mwenyewe Wanyamwezi na Wasukuma walivyo. Jina la utani ukweni linaweza kuwa fimbo na linaweza kuwa ndo hati ya uraia, nimeona yote mawili. Kuna dada namjua kaingia ukoo wa watu akaitwa jina la samaki kwa sababu alimaliza kichwa cha sato peke yake, leo ndo anapigiwa simu wa kwanza kukiwa na msiba. Sina hakika lako ni la aina gani. Mtoto wa shule ya msingi kukuita hivo inaweza kuwa dharau ya wakubwa imepitia kwake, inaweza kuwa mtoto anakupenda na jina lako halisi halijui. Sikiliza linavyotamkwa ukiwa na shida, sio ukiwa kwenye vicheko. Ila usitoke kwenye grupu, ukitoka kila mtu ataona ile "ameondoka" na hapo utakuwa umewapa stori ya mwaka.

Nimemwacha mchumba wako mwisho kwa sababu ndo anayenipa shida. Rafiki yako kazini kasema hafai, mi siwezi kusema hivo kwa kicheko kimoja cha WhatsApp. Vijana wa kiume wakiwa na dada zao wanarudi utotoni, anacheka kwa sababu miaka yote kwenye hiyo familia wanachekana, pengine yeye mwenyewe ana jina baya zaidi hajakwambia. Muulize, nakuhakikishia lipo. Lakini yale maneno mawili aliyokujibu, "ungekufa?" na "usinitie aibu", hayo nayaona tofauti na kicheko. Yanasema mzigo wa siku ile ni wako peke yako. Wakati yeye ndo mwenyeji, yeye anajua kabati linafungwa, anajua babu akisimama watu hawaongei, na anajua unakunywa kwa glasi maana mmekaa naye miaka mitatu. Angeweza kuinuka yeye akaifuata hiyo glasi kimya kimya kabla hata hujaiomba, au angemnong'oneza dada yake asubuhi. Je hakukumbuka tu, au kwao mwanaume hainuki? Au na yeye aliogopa kuonekana ametawaliwa? Mi ningependa kujua kabla ya kumwita mbaya.

Kaa naye siku ambayo hamna ugomvi, tena ikibidi mkiwa na bia zenu hapo Tabata, yeye na chupa wewe na glasi. Mweleze habari ya vichungi vya sigara na darasa la nne kama ulivyonieleza mimi, mwambie na ile siku umekaa naye sebuleni anacheka kwenye simu ilikuaje kwako. Usimuulize kama anakupenda. Muulize siku ya kipaimara, babu akisimama, yeye atakuwa amekaa wapi.